King'amuzi cha kurekodi: Je, kinalipa Masasi na Newala?

MINADA ya korosho inapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Oktoba, maduka ya vifaa vya umeme ya Masasi na Newala nayo huingia msimu wake. Mkulima aliyelipwa kupitia chama cha msingi hupita dukani akiwa na orodha: mabati, tangi la maji, simu na televisheni. Katika orodha hiyo sasa kuna king'amuzi chenye diski ndani, ambacho hurekodi kipindi mwenye nyumba akiwa shambani ili akitazame akirudi.

Wauzaji hukisifu. Hata hivyo, mnunuzi makini anapaswa kujiuliza swali moja: je, faida yake inalingana na gharama yake kwa mtu ambaye kipato chake huja mara moja kwa mwaka?

Kutoka deki hadi diski

Kurekodi televisheni si jambo jipya. Tanzania Bara ilianza kupata vituo vya televisheni mwaka 1994, na wenye deki walirekodi taarifa na mipira kwenye kanda za video. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, kwa kuanzia Dar es Salaam Desemba 31, 2012, deki haikuweza tena kunasa matangazo bila king'amuzi.

Huko Marekani, kampuni ya TiVo ilianza mwaka 1999 kuuza kisanduku kinachorekodi kwenye diski badala ya kanda. Pamoja na bei ya kisanduku, mteja alitozwa ada ya huduma. Mtindo huo wa kibiashara ndio uliosambaa. Kwa upande wa Afrika, MultiChoice ilitoa king'amuzi cha DStv Explora mwaka 2013. Somo kwa mnunuzi ni kwamba bei ya dukani ni sehemu tu ya gharama.

Hesabu ya kilo

Kwa mkulima, kipimo rahisi ni kilo ya korosho. Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe, ilitangaza bei ya shilingi 3,300 kwa kilo. Bei hiyo inatumika hapa kama kipimo tu.

Tuchukue mfano. King'amuzi cha kawaida kiwe shilingi 99,000 na cha kurekodi shilingi 330,000. Tofauti ni shilingi 231,000, yaani kilo 70 za korosho. Kikidumu miaka mitatu, tofauti hiyo ikigawanywa kwa miezi 36 ni kama shilingi 6,400 kwa mwezi. Ada ya kurekodi juu ya kifurushi, kama ipo, iwe shilingi 10,000.

Kuna pia Luku. King'amuzi kinachosubiri kurekodi hakizimwi ukutani. Kikitumia wati 15 usiku na mchana, kwa siku 30 kinakula uniti 10.8. Kwa viwango vya TANESCO vya mwaka 2016, hiyo ni shilingi 1,080 kabla ya kodi kwa mtumiaji mdogo aliyetozwa shilingi 100 kwa uniti. Kwa aliyetozwa shilingi 292 ni zaidi ya shilingi 3,100. Aidha, daraja la mtumiaji mdogo lina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Anayekaribia kikomo hicho awe mwangalifu.

Kwa mfano huu, kurekodi peke yake kunagharimu karibu shilingi 17,500 kwa mwezi. Anayetazama vipindi kumi alivyorekodi analipa shilingi 1,750 kwa kila kimoja. Anayetazama viwili analipa shilingi 8,750 kwa kimoja. Kwa fedha hizo angeweza kuingia kibanda umiza mara nyingi na fedha ikabaki.

Miezi ya ukame wa fedha

Hapa ndipo wengi hukwama. Korosho hulipwa kwa miezi michache, lakini kifurushi hudaiwa mwaka mzima. Kaya inayolipia kifurushi kuanzia Oktoba hadi Februari tu inatumia kisanduku miezi mitano kwa mwaka, sawa na miezi 15 katika miaka mitatu. Ile tofauti ya shilingi 231,000 inapanda kutoka shilingi 6,400 hadi shilingi 15,400 kwa kila mwezi wa matumizi, kabla ya ada na umeme.

Si hivyo tu. Vipindi vilivyorekodiwa kwenye ving'amuzi vya kulipia hufungwa kwa siri za kampuni, na mara nyingi kifurushi kikiisha havifunguki. Mnunuzi anayedhani atatazama akiba yake mwezi Mei bila kulipia amuulize kwanza wakala, tena aoneshwe kwa vitendo.

Mpira huchacha

Thamani ya kipindi kilichorekodiwa hutegemea aina yake. Tamthilia, mahubiri, filamu na vipindi vya watoto hukaa siku nyingi bila kuharibika. Mpira ni bidhaa inayochacha. Mtu anaposhuka kutoka shambani, matokeo ya Simba na Yanga ameshayapata njiani kwa simu. Anayenunua kwa ajili ya Ligi Kuu peke yake ananunua kitu ambacho thamani yake huisha ndani ya saa mbili.

Umeme nao una nafasi yake. Ukikatika wakati wa kurekodi, sehemu iliyopita hairudi. Katika mtaa ambao umeme hukatika jioni mara kwa mara, kisanduku kinakosa kazi katika saa zile zile alizokinunulia mwenyewe.

Kwa wenye vibanda, tahadhari ni kubwa zaidi. Kifurushi cha nyumbani hakimpi mtu haki ya kuonesha matangazo kwa kiingilio, yawe ya moja kwa moja au yaliyorekodiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia matangazo ya vituo.

Njia ya gharama nafuu

Baadhi ya ving'amuzi vya kawaida vina tundu la flashi na vinaweza kurekodi. Chaneli inayotumia megabiti 3 kwa sekunde hujaza kama gigabaiti 1.35 kwa saa, hivyo flashi ya gigabaiti 16 huchukua karibu saa 11. Inatosha tamthilia ya wiki nzima. Kasoro ni mbili: si kila chaneli ya kulipia huruhusu kurekodiwa, na vingi haviwezi kurekodi chaneli moja huku nyingine ikitazamwa.

Nani anunue?

King'amuzi cha kurekodi kinaelekea kumlipa mwenye mshahara au duka, anayelipia kifurushi miezi yote 12, mwenye familia inayogombea rimoti, na ambaye umeme wake ni wa kuaminika. Kwa mkulima anayelipia kwa msimu, kilo 70 zina kazi nyingine: vibarua wa palizi, gharama za kupulizia mikorosho, au tangi la kukingia mvua kule Newala, ambako maji ya juu ya uwanda ni shida ya miaka mingi.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aulize mambo manne: ada ya kurekodi ni kiasi gani, kifurushi kikiisha vipindi vinafunguka au la, je, kinarekodi chaneli moja huku nyingine ikitazamwa, na diski ikiharibika inatengenezwa Masasi au inapelekwa Dar es Salaam. Muuzaji asiyekuwa na majibu hayo apewe muda wa kuyatafuta, na fedha zibaki mfukoni.