Kipeo Hasi Hugawa, Hakitoi

Mwanafunzi wa sekondari, awe wa Ngara au wa Biharamulo, akiulizwa 2⁻³ ni ngapi, huenda akajibu haraka −8 au −6. Makosa hayo mawili yana mzizi mmoja: alama ya hasi imesomwa kana kwamba inaamuru kutoa. Ukweli ni kwamba kipeo hasi kinaeleza kugawa, na anayelishika hilo hana haja ya kukariri. Chukua shamba la migomba la eka 8, yaani 2³, ambalo kila kizazi kinaligawa sawasawa kwa watoto wawili. Mrithi wa kwanza anapata eka 4, yaani 2². Anayemfuata eka 2, yaani 2¹. Kisha eka 1, yaani 2⁰. Kila tunapogawa kwa 2, kipeo kinashuka kwa 1. Urithi hauishii hapo: inafuata nusu eka, 2⁻¹, kisha robo, 2⁻², kisha thumuni, 2⁻³. Hakuna mrithi anayekabidhiwa shamba hasi. Kipande kimekuwa kidogo, lakini bado kinapandwa mgomba.

Aljebra inafuata mwendo huohuo. Katika x²÷x⁵, tukitoa vipeo tunapata x⁻³. Tukiandika kwa kirefu, x mbili za juu zinafutana na mbili za chini, inabaki 1/x³. Njia zote mbili ni halali, basi x⁻³ na 1/x³ ni kitu kimoja, mradi x si sifuri. Sasa turahisishe 6x⁻²y³/(2xy⁻¹). Namba zinatoa 3. Kipeo cha x ni −2−1, yaani −3. Cha y ni 3−(−1), yaani 4. Jibu ni 3y⁴/x³. Ile 3 inabaki juu kwa sababu kipeo hasi ni cha x peke yake. Weka x=2 na y=1 uhakiki: swali na jibu vyote vinatoa 3/8.

Wapo watakaosema kwamba vipindi ni vichache, na kwamba kanuni ya "cha juu kishushe, cha chini kipandishe" inatosha. Inatosha pale tu vitu vinapozidishana. Mbele ya x⁻¹+y⁻¹, aliyekariri huandika 1/(x+y). Lakini x ikiwa 2 na y ikiwa 3, jumla ni nusu na theluthi, yaani 5/6, wala si 1/5. Kanuni iliyokaririwa haimwonyeshi mtu mpaka wake. Maana ndiyo inayomwonyesha.

Wengine watauliza, kwa nini tusitumie sehemu za kawaida tu? Chukua mfano wa ugonjwa wa Marburg, ambao Tanzania ilitangaza mlipuko wake wilayani Biharamulo Januari 2025. Unene wa kirusi chake ni takriban mita 8×10⁻⁸. Ukitaka kujua ni virusi vingapi vingejipanga ubavu kwa ubavu ndani ya milimita moja, gawa 10⁻³ kwa 8×10⁻⁸: vipeo vinatoa 10⁵, na 100,000 ukigawa kwa 8 ni 12,500. Kwa sehemu za kawaida ungehesabu masifuri hadi macho yachoke. Kwa hiyo mwalimu atafanya vema kuandika ubaoni 8, 4, 2, 1, nusu, robo, thumuni, na vipeo vyake chini, kabla hajataja kanuni yoyote. Darasa litaiona kanuni lenyewe.