Sera za Udhibiti wa Lazima na Kazi za Ratiba katika Seva za Linux

Katika seva za Linux, kazi zinazorudiwa kwa saa maalumu, kama vile kunakili data na kupunguza faili za kumbukumbu, huendeshwa na programu ya cron. Nyingi hufanyika usiku kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, ambaye ruhusa za kawaida za faili hazimzuii. Kwa hiyo, mvamizi anayefaulu kubadili hati moja tu ya ratiba huweza kuitawala seva nzima.

SELinux, iliyotolewa kwa umma na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani mwaka 2000 na kuingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2003, hukabili tatizo hilo kwa lebo. Kila mchakato na kila faili huwa na lebo yake, na sera huamua ipi iifikie ipi. Lisiloruhusiwa waziwazi hukataliwa, hata mwombaji akiwa mtumiaji mkuu. Cron yenyewe humo katika kikoa cha crond_t, nazo kazi za mfumo huendeshwa katika system_cronjob_t. Inapoitwa logrotate, programu inayofunga kumbukumbu za zamani na kufungua mpya, mchakato huhamia logrotate_t, kikoa chenye mipaka finyu zaidi.

Hapo ndipo wasimamizi wengi hutatizika. Mfano ni kumbukumbu zilizowekwa chini ya /srv badala ya /var/log. Msimamizi akiendesha logrotate kwa mkono, kazi hukamilika, kwa sababu kikao chake kwa kawaida kimo katika unconfined_t, kikoa kisichobanwa. Saa ya ratiba ikifika, amri ileile hukataliwa, kwa kuwa saraka hiyo haina lebo ya var_log_t. Ruhusa za kawaida zikikaguliwa, zote huonekana sahihi; ushahidi umo katika /var/log/audit/audit.log, na diski huendelea kujaa.

Njia inayopendwa, kwa bahati mbaya, ni kuzima SELinux. Nyingine ni audit2allow, ambayo hugeuza makatazo kuwa kanuni za ruhusa. Ikitumiwa bila kuzisoma kanuni hizo, kikoa hupanuliwa hadi kisibane chochote. Tiba yenyewe ni ndogo: kusajili lebo ya saraka kwa semanage fcontext, kisha kuitekeleza kwa restorecon. Amri ya chcon pekee haitoshi, kwani mabadiliko yake hupotea mfumo unapowekewa lebo upya. Aidha, faili iliyohamishwa kwa mv hubaki na lebo ya ilikotoka, ilhali nakala mpya ya cp hufuata saraka inamowekwa.