Kidonge cha Presha Kwenye Vilima vya Kalinzi

Kupanda Kalinzi kutoka Kigoma mjini kupitia Mwandiga ni kuacha joto la ziwa na kukuta baridi ya mashamba ya kahawa. Mama yangu mdogo amelima huko maisha yake yote. Mwaka juzi, msimu wa kuchuma, alianza kusimama njiani kila alipopandisha mlima na debe kichwani. Kifua kinambana kama kimefungwa kamba; akikaa chini dakika chache, kinaachia. Mwenyewe alisema ni uzee.

Alipopimwa, presha ilikuwa juu sana, na mbano ule ulikuwa kilio cha moyo usiopata damu ya kutosha. Akaandikiwa amlodipini, kidonge kimoja kwa siku.

Kazi ya dawa hii nimeielewa hivi. Kuta za mishipa ya damu zina misuli. Kalsiamu ikiingia kwenye seli za misuli hiyo kupitia vilango vidogo, misuli hujikaza na mshipa huwa mwembamba. Dawa huvizuia vilango hivyo, mshipa ukalegea, presha ikashuka, na moyo ukapumua. Albrecht Fleckenstein wa Ujerumani ndiye aliyeufumbua utaratibu huu miaka ya 1960. Na si dawa ya Wazungu tu: utafiti wa mwaka 2019 uliohusisha wagonjwa 728 wa nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kwamba matibabu yenye amlodipini pamoja na dawa ya pili yalishusha presha vizuri kuliko mchanganyiko usiokuwa nayo.

Mama mdogo alisikia neno kalsiamu, akaacha maziwa na dagaa. Alijinyima bure. Dawa haigusi kalsiamu ya mifupa wala ya chakula. Cha kupunguza ni chumvi, na kwetu, tuliolelewa na chumvi ya Uvinza, hilo ni gumu kuliko kumeza kidonge.

Kisha miguu ikavimba. “Mwanangu, hebu bonyeza hapa,” aliniambia akinyoosha mguu mkekani. Nikabonyeza juu ya kifundo. Kidole kikaacha shimo. Zahanati aliyochukulia dawa hakuna aliyemwambia kwamba hilo hutokea, hasa dozi ikiwa kubwa, kwa kuwa mishipa inayopeleka damu hulegea kuliko inayoirudisha, na maji yakavujia miguuni. Akaacha dawa kimyakimya.

Hapo ndipo panaponiuma. Amlodipini hutoka mwilini taratibu, kwa siku kadhaa, hivyo aliyeacha leo kesho hujiona mzima. Wiki ya pili mbano ukarudi, naye yuko katikati ya mlima. Tulipompeleka kwa daktari, dozi ilishushwa kutoka miligramu 10 hadi 5, akaongezewa dawa nyingine ya presha. Uvimbe ukapungua.

Daktari alimkanya jambo moja, nami nalirudia kwa kila mwenye mzee nyumbani: kidonge hiki huzuia mbano usije, hakiuzimi ukishaanza. Kifua kikibana akiwa amepumzika, au mbano ukikataa kuachia, asiongeze vidonge. Apelekwe hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa mvua na gari ni la kutafuta.

Sasa kidonge kinakaa kwenye kikopo karibu na birika la chai. Asubuhi humeza, huchukua debe, na pale kwenye mwembe wa nusu njia hukaa kwanza, akitaka asitake.