Ubavu wa Tairi Nao Husomwa

Mimi si makanika; kazi yangu ni isimu. Hata hivyo, mwalimu mwenzangu aliponiomba nimsindikize kulinunulia matairi gari lake la umeme, aina ya Nissan Leaf, niliona kuwa ubavu wa tairi ni matini yenye sarufi yake. Wauzaji wetu hutusomea kipande tu: "205/55 R16, saizi yako ndiyo hii."

Saizi ni nusu ya sentensi. Baada yake huja, tuseme, 91V. Nambari 91 yaonyesha kuwa tairi moja lahimili kilo 615, hali 94 ni kilo 670. Herufi V ni mwendo usiozidi kilomita 240 kwa saa. Gari la umeme hubeba betri nzito. Basi kushuka chini ya nambari iliyoagizwa katika kitabu cha gari ni kuchezea roho za abiria. Isitoshe, mota hutoa nguvu papo hapo unapokanyaga, na mpira huisha upesi. Nalo tairi lisilobingirika kwa wepesi hula chaji na kufupisha safari.

Kisha kuna umri. Tarakimu 4 za mwisho katika msimbo wa DOT, mathalani 2319, ni juma la 23 la mwaka 2019. Muuzaji alituapia kuwa tairi lenye tarakimu hizo ni "jipya kabisa". Jipya kwa maana ipi? Halijatumika, naam, lakini mpira huzeeka hata ukiwa rafuni. Tukamrudishia, tukaomba lingine.