Niolewe kwanza, au nikasome unesi?

Msichana wa Mbulu anayetafuta riziki Katesh anapiga hesabu zake hadharani.

Mpenzi msomaji, nina miaka 24 na kibanda cha M-Pesa na vitenge hapa Katesh, kando ya barabara ya Babati–Singida. Kidato cha nne nilitoka na C ya Baiolojia na D ya Kemia. Alama hizo hazimpeleki mtu udaktari, ila kwenye uuguzi mlango upo. Baba yangu, mkulima wa vitunguu swaumu kule Mbulu, ameshasema mavuno ya mwaka huu ni ada yangu. Mchumba wangu naye ana lake: tufunge ndoa kwanza, chuo hakihami.

Enhee!

Madada wa mjini watacheka mtu kuumiza kichwa kwa ajili ya unesi wa ngazi ya chini. Huku kwetu kila aliyevaa sare ya hospitali anaitwa nesi, na hapo ndipo wengi wanapolizwa. Kuna mhudumu wa afya, aliyesoma mwaka 1: anasafisha wodi, anamgeuza mgonjwa, anapeleka sampuli maabara. Ni kazi ya heshima kabisa, lakini huyo si muuguzi mwenye leseni. Uuguzi na ukunga wenyewe unasomwa kwa ngazi, NTA 4, 5 na 6, mwaka mmoja mmoja. Ya 5 ni astashahada, ambayo mtaani tunaiita cheti. Ya 6 ni stashahada. Halafu unasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa sheria ya 2010, na leseni unaihuisha. Kwa hiyo shoga yangu, akikujia mtu na "kozi ya unesi miezi 6, ajira uhakika", muulize namba ya usajili wa chuo NACTVET, kisha muulize kama Baraza linawatambua wahitimu wake. Utaona anavyobadilisha mada.

Wazo lenyewe lilinijia Desemba 2023. Tarehe 3, alfajiri, mvua ilishusha tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang mpaka hapa mjini na vijiji vya jirani kama Gendabi. Walikufa watu zaidi ya 80. Majeruhi walipokuwa wanaletwa hospitali, mimi nilikuwa nabeba maji tu, sikuwa na la maana la kufanya. Mama mmoja wa Kibarbaig alikuwa anaulizwa kwa Kiswahili anaumwa wapi, naye kanyamaza kimya, anatazama ukuta. Akaja nesi mwembamba, akachuchumaa, akamsemesha Kidatoga. Yule mama akafumbua mdomo, maneno yakatoka kama bomba limezibuliwa. Mimi naongea Kiiraqw cha kwetu, na Kidatoga nimekiokota hapa kibandani kwa wateja. Nilijiambia, hiki si kipaji cha kuuzia vitenge.

Chuo ninachokitamani kipo Haydom, wilaya ya Mbulu. Hospitali yake ilifunguliwa 1955 na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway, leo iko chini ya KKKT Dayosisi ya Mbulu. Shule ya uuguzi ikafuata 1984. Nimelala pale usiku nne nikimuuguza shangazi. Nakushauri na wewe uonje usiku wa wodini kabla hujaamua chochote, maana mchana hospitali inaonekana ina watu wengi. Saa tisa usiku wanabaki manesi. Na kwa mtoto aliyezaliwa bila kulia, wakunga wanasema una dakika moja tu ya kumsaidia avute pumzi. Wanaiita dakika ya dhahabu. Utafiti ambao Haydom ilishiriki kuuongoza, katika vituo 30 vya mikoa 5 pamoja na Manyara, ulichapishwa 2025: wakunga walipokuwa wanafanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kwa asilimia 40.

Tuje kwa mchumba. Yeye ni dereva wa Fuso, mtu mwema, hanywi. Hoja yake ya kwanza naikubali: "Ukipangiwa Kigoma, mimi nikufuate na gari la watu?" Serikali inaajiri inapopata kibali, na anayeajiriwa huenda anakopangiwa. Wapo waliomaliza vyuo wakakaa nyumbani wanangojea tangazo. Ajira inanitisha kuliko damu, nasema kweli. Hata zamani ilikuwa hivyohivyo, mwaka 1993 serikali ilisimamisha ajira mpya, waliosoma wakabaki wanatazamana.

Hoja yake ya pili ni zamu za usiku na "hao madaktari wenu". Hiyo siijibu. Anayelala Makambako siku tatu na Fuso aniulize mimi zamu ya usiku?

Ya tatu ndiyo imeninyima usingizi. Amesema tukioana, ada analipa yeye. Tamu, siyo? Lakini mtoto akija mwaka wa kwanza, ada itageuka maziwa, na hakuna atakayekuwa na kosa. Vitunguu vya baba havina sharti la ndoa. Tena tangu 2023 Bodi ya Mikopo inakopesha hata wanafunzi wa stashahada katika baadhi ya fani, zikiwemo baadhi za afya; kama uuguzi nao utakuwemo, mzee huenda asiuze shamba zima kunifikisha ngazi ya 6.

Wiki iliyopita nilimwambia: nipe miaka 2 nipate cheti, mahari ipelekwe kwa baba nikishakanyaga mwaka wa pili. Hakukasirika. Aliuliza tu kama Haydom kuna mtandao mzuri wa simu. Juzi nimejaza maombi, penye hali ya ndoa nikaandika "sijaolewa", nikampigia picha nikamtumia. Alama mbili za bluu zimetokea. Yuko njiani na mzigo wa Dar, anarudi Jumapili.