Safari ya boti Lamu hadi Pate: Kikapu cha mkononi kiwe na nini

Anayetoka Lamu kwenda Pate, Siyu au Faza hufikiria kwanza mizigo ya kuwapelekea jamaa. Lakini kitakachomfaa njiani ni kile kikapu kidogo anachokaa nacho.

Njia ya boti hupitia Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara. Hapo maji ni haba, na yakipwa boti hulazimika kungoja yajae. Kwa hiyo, hata kama safari yenyewe si ndefu, beba maji ya kunywa na chakula kisichoharibika kwa joto, kama tende au mkate wa mofa. Usisahau kofia au mtandio wa kujikinga na jua.

Wakati wa kusi mawimbi hurusha maji ndani. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku mwaka 2017, basi tia kitambulisho, simu na pesa katika kopo lenye kifuniko cha kukaza. Dawa za presha, sukari au pumu zikae humo humo, zisifungwe ndani ya mizigo mikubwa. Mwenye kuchafukwa na bahari ameze tembe zake kabla ya kupanda, kwani akishaanza kutapika hazikai tumboni.

Jaketi la kujiokoa si la kukalia. Livae na ulifunge kabla boti haijaondoka, na la mtoto liwe la kimo chake. Yakiwa hayawatoshi abiria wote, ngoja boti inayofuata.