Mkebe Mmoja kwa Safari ya Siku Moja Mlimani

Likizo za Juni na Desemba ndizo zinazojaza magari ya kwenda mlimani. Familia hukusanyika, vijana wa vigango hupanga matembezi, walimu hupeleka wanafunzi wao. Njia inayopendwa sana kwa safari ya siku moja ni ile ya Marangu, kutoka lango la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro hadi kambi ya Mandara na kurudi jioni ile ile. Lango liko kwenye kimo cha mita 1,870 hivi, na Mandara iko kwenye mita zipatazo 2,700. Mwendo ni kama kilomita 8 za kupanda. Mtu mzima mwenye afya hutumia saa tatu au nne kwenda, na saa mbili au zaidi kidogo kurudi.

Anayekwenda kileleni hujiandaa kwa wiki nyingi, tena hufuatana na wapagazi wanaombebea nguo nzito, chakula na mahema. Anayekwenda kwa siku moja huondoka na chupa ya soda, chapati mbili na viatu vya wazi. Ndiyo maana sisi wa ukurasa huu tunamwogopea zaidi huyu wa pili. Mguu ukiteguka saa 9 alasiri, au mtoto mmoja akipotea njia kwenda kujisaidia, safari ya siku moja inageuka kuwa ya usiku mzima, na hakuna aliyebeba chochote cha usiku.

BARIDI NDIYO YA KWANZA

Wengi hudhani hatari ya msituni ni wanyama. Tuanze na baridi. Kila unapopanda mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000. Kama mjini ni nyuzi 28, basi Mandara saa ile ile ni nyuzi 17 au pungufu, na hapo bado jua linawaka. Mawingu yakishuka, mvua ikianza na upepo ukivuma, hali hubadilika kabisa. Tena msitu wa upande wa kusini ndio unaopata mvua nyingi kuliko sehemu nyingine za mlima huu.

Fulana ya pamba ikilowa haikauki upesi, nayo huendelea kunyonya joto la mwili. Watoto hupoa haraka kuliko watu wazima kwa sababu miili yao ni midogo, na mara nyingi mtoto hasemi, anakaa kimya tu. Mwangalieni. Mtu anayetetemeka bado mwili wake unapigana. Akianza kujikwaa, ulimi ukawa mzito, akawa hajali tena kama amefunga koti au hakufunga, hali imekuwa mbaya. Akiacha kutetemeka huku anasinzia, hiyo ni hatari ya kufa.

Mtoeni katika mvua na upepo. Mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mfunikeni pamoja na kichwa. Chini yake wekeni majani makavu mengi au mabegi, kwa kuwa ardhi yenye baridi hunyonya joto la mwili. Mwenye afya alale karibu naye chini ya blanketi moja. Kama yu macho na anameza vizuri, mpeni chai au kinywaji chochote chenye sukari. Msimpe pombe kali hata akiomba. Pombe humfanya ajisikie ana joto wakati mwili wake unazidi kulipoteza.

Kwa hiyo kila mtu abebe sweta la sufu na koti la mvua, hata kama asubuhi kule chini jua ni kali. Hivi viwili haviingii katika mkebe tutakaoueleza, na wala visiachwe nyumbani kwa sababu ya mkebe.

MKEBE WENYEWE

Tafuteni mkebe wa bati wa maziwa ya unga wenye mfuniko. Tunapendelea bati kuliko plastiki, maana siku ya shida mkebe huo huo huwa sufuria ya kuchemshia maji. Upimeni nyumbani kwa chupa, mjue unaingia maji kiasi gani. Mkebe mmoja unatosha familia ya watu watano au sita. Kundi la vijana ishirini linahitaji mikebe mitatu au minne, na isibebwe na mtu mmoja, kwa sababu huyo huyo aweza kuwa ndiye aliyepotea.

Ndani wekeni tochi ndogo na betri za akiba. Ile ya kuvaa kichwani ni bora, inaacha mikono yote miwili huru. Jua letu huzama karibu saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, na giza huingia mara moja. Chini ya miti mikubwa huingia mapema zaidi. Simu ya mkononi ina taa, lakini msiitegemee. Chaji ya simu ni ya kuitia msaada.

Filimbi ni kitu cha bei ndogo kinachoshinda vitu vingi vya bei kubwa. Sauti ya mtu anayepiga kelele hukauka baada ya nusu saa, ila mwenye filimbi aweza kupuliza usiku kucha. Ishara ya kuomba msaada inayojulikana milimani ni kupuliza mara sita ndani ya dakika moja, kukaa kimya dakika moja, kisha kurudia. Anayesikia hujibu kwa mara tatu. Kila mtoto avalishwe filimbi yake shingoni, na aambiwe kwamba si ya kuchezea. (Ataichezea kidogo tu, na tumsamehe.)

Kisha kiberiti kilichofungwa vizuri katika nailoni pamoja na kipande cha mshumaa, kisu kidogo cha kukunja, na kamba ya nailoni ya mita 10. Kuhusu moto tuelewane. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuwasha moto ovyo, na kuna sababu. Mwezi Oktoba 2020 moto uliteketeza eneo kubwa la Kilimanjaro, na wakuu wa hifadhi walieleza kuwa ulianza kwa bahati mbaya pale wapagazi walipokuwa wakipasha chakula. Kiberiti cha mkebeni ni cha usiku wa kuokoa maisha, si cha kuchomea mahindi.

Kitu kingine kinachosahauliwa ni nailoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, nasi hatuwaambii mwitafute. Madukani mwa vifaa vya ujenzi huuzwa nailoni nyeusi kwa mita. Kipande cha mita 2 kwa 2 kikikunjwa vizuri hukaa chini ya begi, na kikifungwa kwa ile kamba kati ya miti miwili huwa paa la watu wanne.

KANGA

Hapa akina mama wanatushinda sote. Vitabu vya kigeni hutaja vitambaa vya pembe tatu, bandeji ndefu, machela ya kukunja, na kadhalika. Kanga moja hufanya kazi hizo zote. Ikikunjwa pembe tatu huufunga mkono uliovunjika na kuuning'iniza shingoni. Ikichanwa vipande huwa bandeji. Hufunika kichwa cha mtoto juani, huchuja maji yenye tope, hubebea mtoto aliyechoka. Kanga mbili zenye nguvu, zikifungwa sawasawa kwenye miti miwili mirefu, huwa machela ya kumbebea aliyevunjika mguu. Jaribuni machela hiyo nyumbani kwanza, na anayebebwa awe mtu mzito kidogo, ili mjue kama fundo linashika.

Pamoja na kanga, wekeni katika mkebe chachi safi, bandeji mbili, plasta ya kunata, pini za nepi, kipande cha sabuni na glavu. Jeraha linalotoa damu nyingi likandamizwe kwa chachi au kitambaa safi kwa dakika 10 kamili kwa saa, bila kufunua kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakorudisha damu. Kama kitambaa kimelowa, ongezeni kingine juu yake, msiondoe cha kwanza.

MAJI NA DAWA

Mtu mzima abebe lita 2 za maji. Yakiisha, maji ya mto yasinywewe hivi hivi kwa sababu tu yanang'aa. Juu yako huenda kuna watu na wanyama. Yachujeni kwa kanga, kisha yachemsheni. Yakitokota, yaacheni dakika moja. Mkiwa juu ya mita 2,000 yaacheni dakika tatu, kwa kuwa huko maji hutokota kabla ya kufikia nyuzi 100. Vidonge vya klorini ni vyepesi kubeba, lakini someni maelezo yake. Vingine vimetengenezwa kwa ndoo ya lita 20, na kidonge kama hicho hakifai kutumbukizwa kizima katika chupa ya lita moja. Baada ya kuweka dawa, ngojeni nusu saa.

Pakiti mbili za dawa ya kuongeza maji mwilini, yaani ORS, zisikose. Kama hakuna, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Chumvi isizidi. Wekeni pia parasetamoli. Aspirini msiwape watoto.

Aliye na dawa yake ya kila siku aibebe mwenyewe, na mwingine ajue iko mfuko gani: dawa ya pumu ya kuvuta, dawa ya kifafa, na kwa mwenye kisukari, glukosi au pipi za kutosha. Familia yenye mtoto mwenye selimundu imwone daktari kabla ya kupanga safari ya mlimani. Baridi, upungufu wa maji mwilini na hewa nyepesi ya juu huweza kumletea maumivu makali. Hata asiye na ugonjwa wowote aweza kuumwa kichwa na kutapika akiwa juu ya mita 2,500. Dawa yake ni kushuka.

AKIUMWA NA NYOKA

Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, nasi tunaongeza kuwa yamesahauliwa hata katika mafunzo ya vijana wetu. Msikate jeraha wala kunyonya. Msifunge kamba ya kukaza. Imewapotezea watu miguu. Jiwe jeusi limegawiwa kwa miaka mingi, hata na baadhi ya wamisionari, lakini majaribio ya maabara hayakuonyesha kuwa linaponya. Mvueni pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujafika. Funga kiungo kwa kijiti ili kisichezecheze, andikeni saa aliyoumwa, mbebeni kwa machela ya kanga hadi hospitali. Asitembee kama kuna njia yoyote ya kumbeba. Dawa ya kuua sumu hutolewa hospitalini tu. Nyoka msimfukuze ili mpate kumwonyesha daktari. Swila akimtemea mtu macho, yaoshwe kwa maji mengi kwa dakika 15 au 20, bila kuyasugua.

MKIPOTEA

Kabla ya kuondoka, mwambieni mtu aliyebaki nyumbani mnapitia njia gani na mtarudi saa ngapi. Wekeni saa ya kugeuka: ambaye hajafika Mandara saa 8 mchana na ageuke hapo alipo, hata kama amebakiza hatua mia.

Mkijiona mmepotea, ketini. Mwenye hofu hutembea upesi, na kila hatua humtenga na watu watakaomtafuta. Nchini Marekani, mwaka 1981, mtoto wa miaka tisa alipotea milimani huko California akafariki, na tangu hapo watoto wengi wa kule hufundishwa jambo moja: ukipotea, uukumbatie mti mmoja na ukae hapo hapo. Tuwafundishe wetu vivyo hivyo. Wapo wasemao fuata mto utafika kwa watu. Upande wa kusini wa Kilimanjaro mito imechimba makorongo yenye maporomoko, na anayeufuata mto gizani aweza kuanguka.

Simu ikiwa na mtandao hafifu, tumeni ujumbe mfupi. Huo hupita hata pale sauti isipopita. Namba ya dharura Tanzania ni 112, na ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Baada ya kutuma, zimeni simu nyingine zote mbakize moja.

Mkebe ukaguliwe kila baada ya miezi mitatu. Tazameni tarehe za dawa, kausheni kiberiti juani, na betri zikae nje ya tochi zisije zikavujia ndani yake.